Mkuu wa Ukoo wa Campbell: Maisha ya Marquess wa Argyll Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe

Wasikilizaji, mazungumzo haya ni juu ya mtu aliyebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Alikuwa mkuu wa ukoo, na watu wa ukoo wake walimtazamia kama watoto wamtazamiavyo baba. Tena alikuwa mmoja wa viongozi wa nchi nzima, na nchi ilimngojea atoe shauri katika mambo ya dini, ya sheria na ya vita. Wakati wa amani, mtu hodari aweza kuibeba mizigo ya namna hiyo bila ya kuyumba. Lakini siku zake hazikuwa siku za amani. Nchi yake iliingia katika vita ambavyo ndugu humwinulia ndugu upanga, na hapo ndipo kila mzigo ulipozidi kuutia mwingine uzito. Jina lake ni Archibald Campbell, Marquess wa Argyll, naye aliishi Uskoti katika karne ya 17.

UKOO NA MKUU WAKE

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Sehemu zake za kusini na mashariki zina mabonde mapana, miji, na mashamba ya nafaka. Sehemu za kaskazini na magharibi ni nchi ya milima, yenye mabonde membamba na ghuba ndefu za bahari ziingiazo ndani ya nchi kavu kama vidole vya mkono. Watu wa milimani siku zile walisema Kigaeli, walifuga ng'ombe, walilima shayiri kidogo, na waliishi kwa koo.

Kila ukoo ulikuwa na mkuu wake. Yeye ndiye aliyegawa ardhi, ndiye aliyekata mashauri, na ndiye aliyewaita watu vitani. Alipotaka kuwakusanya, wapiga mbio walitumwa na msalaba wa mti uliochomwa moto nchani, wakaupokezana kutoka kijiji hata kijiji, na kila mwanamume aliyeuona alipaswa kuchukua silaha zake na kufuata. Si wote waliokuwa wa damu moja na mkuu. Wengi waliingia katika ukoo kwa kutafuta ulinzi na mahali pa kulima. Lakini wote walijihesabu kuwa watoto wake, naye alipaswa kuwa ngao yao.

Katika nchi za magharibi hapakuwa na ukoo wenye nguvu kupita ule wa Campbell. Mkuu wake aliitwa kwa Kigaeli MacCailein Mòr, maana yake Mwana wa Colin Mkuu, kwa kumkumbuka babu yao wa kale. Makao yake yalikuwa ngome ya Inveraray, kando ya ghuba iitwayo Loch Fyne. Nguvu za ukoo huu hazikutoka katika upanga peke yake. Wakuu wa Campbell walijua sheria, na walikuwa na marafiki katika baraza la mfalme. Kwa muda wa miaka mingi walijipatia ardhi za koo nyingine, na hasa za MacDonald, mara kwa vita, mara kwa deni, mara kwa hati yenye muhuri wa mfalme. Kwa ajili hiyo walikuwa matajiri. Na kwa ajili hiyo hiyo walikuwa na adui wengi, walionyamaza wakiingoja siku yao.

UJANA WAKE

Archibald alizaliwa mwanzoni mwa karne ile, na mama yake alifariki yeye angali mtoto. Baba yake, Earl wa Argyll, alioa mke mwingine, akaingia dini ya Kikatoliki, na mwaka 1618 aliondoka Uskoti akaenda kumtumikia mfalme wa Hispania katika nchi ya Flanders. Katika Uskoti ya siku zile, ambayo sheria yake ilikuwa ya Kiprotestanti, jambo hilo lilihesabiwa kuwa uhaini. Basi kijana yule alilazimika kujifunza mapema kazi ya kuongoza watu, kwa maana aliyepaswa kumfundisha hakuwapo.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews, na huko, mwaka 1623, alishinda shindano la kulenga shabaha kwa upinde. Miaka 5 baadaye, mwaka 1628, mshindi wa shindano lile lile alikuwa kijana mwingine, James Graham, ambaye baadaye aliitwa Marquess wa Montrose. Jina hilo yafaa lishikwe, kwa kuwa maisha ya watu hawa wawili yalifungamana mpaka kifo, na hata baada ya kifo.

Archibald hakuwa mtu wa sura ya kuvutia. Nywele zake zilikuwa nyekundu, macho yake yalikuwa na makengeza, na watu wa milimani walimpa jina la utani lenye maana ya Archibald mwenye uso mkali. Alisema kwa upole, alisikiliza sana, wala hakuufunua moyo wake upesi. Montrose alikuwa kinyume chake kabisa: mwenye sura nzuri, mwepesi wa maneno, mtunga mashairi, na shujaa wa kuongoza watu penye hatari.

AGANO LA MWAKA 1638

Mfalme Charles I alitawala Uingereza, Uskoti na Ireland, lakini makao yake yalikuwa London. Alizaliwa Uskoti, walakini aliondolewa huko angali mdogo, na mioyo ya watu wa kaskazini hakuijua. Waskoti wengi walipenda kanisa lao liongozwe na wazee pamoja na mikutano yao. Mfalme aliwatia nguvu maaskofu. Mwaka 1637 aliamuru kitabu kipya cha sala kisomwe makanisani, bila ya kuliuliza Bunge wala Mkutano Mkuu wa Kanisa. Siku kiliposomwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles, mjini Edinburgh, watu waliinuka kwa makelele na vigoda vikarushwa. Mwezi wa Februari 1638, katika kanisa la Greyfriars mjini humo, wakubwa wa nchi walianza kutia sahihi hati iliyoitwa Agano la Taifa, na watu wadogo wakafuata kwa maelfu. Waliapa kuilinda dini yao na sheria za nchi, huku wakisema ya kuwa wangali raia wa mfalme.

Argyll hakutia sahihi wakati huo, maana alikuwa mmoja wa washauri wa mfalme. Aliyatazama mambo na kuyapima. Mwezi wa Novemba mwaka ule Mkutano Mkuu wa Kanisa ulikutana mjini Glasgow. Mwakilishi wa mfalme alipoona ya kuwa neno lake halifuatwi, aliuvunja mkutano akatoka nje. Argyll hakumfuata. Alibaki kitini, na kwa kubaki kwake watu wote walijua ya kuwa ameuchagua upande. Mkutano uliendelea, ukawaondoa maaskofu.

Wengine wamesema aliongozwa na dini. Wengine wamesema aliongozwa na faida. Yamkini yote mawili yalikuwamo. Mtu huyu alisali kwa bidii asubuhi na jioni, wala hakuna dalili ya kuwa sala yake ilikuwa ya uwongo. Lakini pia alijua ya kuwa mfalme amezungumza na Earl wa Antrim, mkubwa wa jamaa ya MacDonald huko Ireland, ambaye alitamani kuzirudisha ardhi za babu zake zilizokuwa mikononi mwa Campbell. Hivyo ugomvi wa taifa juu ya kanisa ulikutana na ugomvi wa koo juu ya ardhi, na tangu siku ile haikuwezekana kuutenga mmoja na mwingine.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1640. Bunge lilimtuma Argyll na jeshi la watu wake awatiishe wale waliosimama upande wa mfalme katika milima ya kati. Aliitimiza amri ya taifa, na katika kuitimiza nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Nyumba ya Earl wa Airlie ilibomolewa na kutiwa moto, ijapokuwa Montrose, aliyekuwa bado mtu wa Agano, alikuwa amekwisha kuipokea kwa amani. Kuanzia hapo Montrose alimtilia Argyll shaka ya kuwa autaka ufalme mwenyewe, naye Argyll alimwona Montrose kuwa mtu asiyetumainika.

Mwaka 1641 mfalme alikuja Edinburgh kutafuta amani, na kwa kutaka kumtuliza mtu huyu aliyekuwa na nguvu kuliko wote, alimpandisha cheo akawa Marquess. Montrose alikuwa ametiwa kifungoni katika ngome ya Edinburgh, akafunguliwa wakati ule ule. Mmoja alitoka na cheo, mwingine alitoka na uchungu.

MOTO WAINGIA INVERARAY

Mwaka 1642 vita vya mfalme na Bunge la Uingereza vilianza. Mwaka 1643 viongozi wa Uskoti walifanya mapatano na Bunge lile, na mwezi wa Januari 1644 jeshi kubwa la Waskoti lilivuka mpaka kwenda kulisaidia. Argyll alikuwa katika wale walioongoza shauri hilo. Lakini mlinzi akitoka nyumbani, mlango hubaki wazi.

Mwaka ule ule Montrose, aliyekwisha kuhamia upande wa mfalme, aliingia milimani akiwa na watu wachache sana. Huko alikutana na Alasdair MacColla, shujaa wa ukoo wa MacDonald, aliyevuka bahari kutoka Ireland na askari kama 2,000. Montrose alipigana kwa ajili ya mfalme. MacColla alipigana kwa ajili ya mfalme, na kwa ajili ya dini yake ya Kikatoliki, na zaidi ya yote kwa ajili ya ardhi ambayo Campbell waliikalia. Watu hawa wawili waliyashinda majeshi ya Agano huko Tippermuir tarehe 1 Septemba 1644, na huko Aberdeen siku 12 baadaye. Mji wa Aberdeen uliporwa, na raia wengi wakauawa.

Baridi ilipofika Argyll alirudi Inveraray. Nchi yake ilizungukwa na milima yenye theluji, na watu waliamini ya kuwa hakuna jeshi liwezalo kupita huko wakati wa baridi. Mwezi wa Desemba wachungaji walishuka mbio kutoka milimani, wakasema ya kuwa MacDonald wamekwisha kuvuka. Mkuu aliingia katika chombo chake akaondoka kwa njia ya maji. Watu wake walibaki. Kwa majuma mengi nyumba zilichomwa, ng'ombe walitekwa, na wanaume waliokutwa na silaha waliuawa. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye chakula, kodi na mahari, kumpoteza ng'ombe katikati ya baridi ni sawa na kupewa hukumu ya njaa.

SIKU YA INVERLOCHY

Argyll alikusanya watu wake awafuate adui, akapata pia askari kutoka jeshi la Bunge. Mwisho wa Januari 1645 alipiga kambi Inverlochy, chini ya mlima Ben Nevis, ulio mrefu kuliko yote ya Uskoti, akiwa na watu kama 3,000. Montrose alikuwa mbali kaskazini, na watu wake walikuwa nusu ya hao. Habari zilipomfikia, hakuifuata njia iliyozoeleka. Aliwaongoza watu wake kwa siku mbili mchana na usiku, kupitia mabonde ya juu yaliyojaa theluji, bila moto na bila chakula cha kutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari walitokea ubavuni mwa mlima, juu ya kambi ya Campbell.

Argyll alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi siku za nyuma, na bega lake liliumia hata hakuweza kushika upanga. Rafiki zake walimsihi aingie katika chombo chake kilichotia nanga karibu na pwani, kwa maana, walisema, maisha yake ni mali ya nchi nzima wala si yake mwenyewe. Alikubali. Uongozi wa vita alimwachia ndugu yake wa ukoo, Sir Duncan Campbell wa Auchinbreck, askari mzoefu.

Kulipopambazuka vita vilianza. Askari waliotoka jeshi la Bunge walivunjika upesi. Campbell walioshikilia katikati walisimama zaidi, wakijua ni nani wanaowajia na kwa sababu gani. Auchinbreck aliuawa. Pamoja naye wakafa watu wapatao 1,500, wengine katika kukimbia, wengine katika maji walipojaribu kuvifikia vyombo. Karibu kila nyumba kubwa ya Campbell ilipoteza mwana. Mkuu wao aliyaona hayo kwa macho yake kutoka chomboni, kisha tanga likatwekwa. Mshairi wa ukoo wa MacDonald, Iain Lom, alitunga shairi la kushangilia siku ile, na kwa vizazi vingi maneno yake yaliwachoma Campbell kuliko jeraha la upanga.

Siku chache baadaye Argyll alifika Edinburgh, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa, akatoa taarifa mbele ya Bunge. Bunge lilimshukuru kwa utumishi wake. Kwa sheria ya nchi hakuwa na kosa: alikuwa mgonjwa, na kiongozi wa taifa hana budi kuhifadhiwa. Lakini sheria ya ukoo ni nyingine. Mtoto akianguka mbele ya nyumba, haulizi kama baba ana mashauri makubwa mahali pengine; huuliza kwa nini baba hakuwapo. Swali hilo lilimfuata Argyll maisha yake yote, na hakuna hati wala cheo kilichoweza kulijibu.

MTENDA HUTENDWA

Montrose alishinda tena na tena mpaka Agosti 1645, aliposhinda vita vya Kilsyth. Halafu watu wa milimani wakaanza kurudi makwao na nyara zao, na tarehe 13 Septemba jeshi lake dogo lilivunjwa huko Philiphaugh. Waliojisalimisha waliuawa, na wanawake waliofuatana na kambi hawakuachwa. Lakini nchi ya Argyll haikupona, maana MacColla alibaki huko akiendelea kuiharibu mpaka mwaka 1647. Njaa ilikuwa kubwa hata ikaamriwa michango ichangwe makanisani kwa ajili ya watu wa Argyll.

Halafu ikaja zamu ya kisasi. Ukoo wa Lamont, majirani wa Campbell, walikuwa wamejiunga na MacColla. Mwezi wa Juni 1646 walijisalimisha katika ngome yao ya Toward, kwa mapatano yaliyoandikwa ya kuwa maisha yao yatahifadhiwa. Wakubwa wa Campbell waliyavunja mapatano hayo. Waliwachukua mateka mpaka Dunoon, wakawaua zaidi ya watu 100, na wengi katika hao walitundikwa juu ya mti mmoja. Argyll hakuwapo; alikuwa Uingereza kwa mashauri ya taifa. Walakini walioua walikuwa watu wake, waliotumia jina lake, wala hakuwaadhibu. Mwaka 1647 yeye mwenyewe alikuwapo pamoja na jeshi la Jenerali David Leslie huko Dunaverty, ngome iliyo ncha ya kusini ya Kintyre. Askari wa MacDonald na wenzao, wapatao 300, walitoka kwa kiu wakajisalimisha, wakauawa karibu wote.

Ndivyo vilivyo vita vya namna hii. Mtu huanza kwa kuapa kulinda sheria, na katikati ya safari hujikuta amesimama mahali ambapo sheria haipo.

MFALME AUAWA, MFALME AVIKWA TAJI

Mwaka 1648 wakubwa wengi wa Uskoti walipatana na mfalme Charles, aliyekuwa kifungoni, wakapeleka jeshi Uingereza kumsaidia. Argyll alilipinga shauri hilo. Jeshi lilishindwa na Oliver Cromwell, na mwezi wa Oktoba Cromwell alikuja Edinburgh akazungumza na Argyll. Baadaye adui zake walisema ya kuwa katika mazungumzo yale alikubali mfalme auawe. Yeye alikana mpaka mwisho, na hakuna aliyeweza kulithibitisha jambo hilo.

Tarehe 30 Januari 1649 mfalme Charles alikatwa kichwa mjini London. Uskoti ilishtuka. Hata watu wa Agano walitaka kumfundisha mfalme, si kumwua. Siku 6 baadaye mwanawe, Charles II, alitangazwa mjini Edinburgh kuwa mfalme, naye Argyll alikuwa miongoni mwa waliolitaka jambo hilo.

Montrose alirudi mwaka 1650 akiwa na jeshi dogo, kwa idhini ya mfalme mpya, akashindwa na kukamatwa. Mwezi wa Mei aliletwa Edinburgh akiwa amefungwa juu ya gari lililoendeshwa na mnyongaji. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Moray, ambamo jamaa ya Argyll walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya arusi ya mwanawe mkubwa, Lord Lorne. Yasimuliwa ya kuwa gari lilisimama, na Montrose akainua macho akamwona Argyll nyuma ya dirisha, naye Argyll akaondoka dirishani. Tarehe 21 Mei Montrose alinyongwa. Viungo vyake vilipelekwa miji minne, na kichwa chake kikachomekwa juu ya mwiba wa chuma, juu ya jela ya Tolbooth.

Charles II, aliyemwidhinisha Montrose na kisha kumwacha, alifika Uskoti akaliapia Agano. Alimwahidi Argyll cheo kikubwa zaidi na malipo ya pauni 40,000. Hata ilizungumzwa ya kuwa atamwoa binti yake. Tarehe 1 Januari 1651, mjini Scone, Argyll alilichukua taji kwa mikono yake mwenyewe akalitia juu ya kichwa cha mfalme. Hapo alifika kilele cha mlima wake. Lakini Waskoti walikuwa wamekwisha kushindwa na Cromwell huko Dunbar, na tarehe 3 Septemba 1651 jeshi la mfalme lilivunjwa huko Worcester. Mfalme alikimbilia ng'ambo, na ahadi zake alikwenda nazo.

MSHIKA MBILI

Mwaka 1652 majeshi ya Uingereza yalifika mpaka Argyll. Marquess alikuwa na deni kubwa, na nchi yake ilikuwa maganjo. Alifanya mapatano na washindi, akaahidi kukaa kwa amani. Mwaka 1653 wafuasi wa mfalme waliinuka tena milimani, na kati yao alikuwamo mwanawe mwenyewe, Lord Lorne. Baba alisimama upande mmoja, mwana upande wa pili. Wengine walisema ni hila, ili yeyote atakayeshinda nyumba ya Campbell isipotee. Lakini ugomvi wao ulikuwa wa kweli, na baba aliwaandikia Waingereza barua za kuwapasha habari za waasi. Barua hizo zilihifadhiwa na Jenerali George Monck, mkuu wa jeshi la Uingereza katika Uskoti.

Mwaka 1660 Charles II alirudi katika ufalme wake, na aliyemfungulia njia alikuwa Monck yule yule. Mwezi wa Julai Argyll alikwenda London kumpa mfalme heko. Mfalme alikataa kumwona. Alikamatwa papo hapo akatiwa katika gereza la Tower, kisha akapelekwa Edinburgh kwa merikebu.

Mwaka 1661 alishtakiwa mbele ya Bunge la Uskoti. Alishtakiwa juu ya nyumba ya Airlie, na juu ya Lamont, na juu ya kufa kwa mfalme, na juu ya kuwasaidia Waingereza. Alijitetea kwa ustadi, na shtaka la kufa kwa mfalme likaanguka. Alisema ya kuwa aliwatii Waingereza kama nchi nzima ilivyowatii, na katika wale waliomhukumu wengi walijua ya kuwa ni kweli. Ilidhaniwa ya kuwa ataokoka. Ndipo bahasha ilipofika kutoka London. Ndani yake zilikuwamo barua alizowaandikia Monck na maafisa wake. Zilisomwa mbele ya Bunge, na marafiki zake wakanyamaza.

Yasimuliwa ya kuwa mkewe, Margaret Douglas, alifanya shauri la kumtorosha kutoka ngome ya Edinburgh kwa kubadilishana naye mavazi, na ya kuwa mumewe alikubali kisha akakataa. Safari hii hakutaka kuondoka. Siku zake za mwisho alisali, na kuagana na watu wake. Tarehe 27 Mei 1661 alikwenda kwa miguu mpaka kwenye mtambo wa kukatia vichwa ulioitwa Maiden, maana yake Mwanamwali. Daktari wake alimshika kifundo cha mkono, akakuta ya kuwa mapigo ya damu ni yale yale ya siku zote. Watu waliomwita mwoga tangu Inverlochy walimwona akifa bila ya kutetemeka.

Kichwa chake kilichomekwa juu ya mwiba ule ule wa jela ya Tolbooth uliokuwa na kichwa cha Montrose kwa muda wa zaidi ya miaka 10. Siku 16 tu kabla ya hapo Montrose alikuwa amezikwa kwa heshima kuu katika kanisa la St Giles, viungo vyake vikiwa vimekusanywa kutoka kila mji. Wahenga husema: mwosha huoshwa. Kichwa cha Argyll kilikaa juu ya mwiba mpaka mwaka 1664, kilipoteremshwa na kupelekwa Kilmun, mahali pa makaburi ya jamaa yake. Mwanawe alirudishiwa cheo cha Earl, lakini mwaka 1685 naye akafa kwa mtambo ule ule.

YALIYOBAKI

Mtambo wa Mwanamwali umewekwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Edinburgh, na yeyote apendaye aweza kuutazama. Katika kanisa la St Giles adui wale wawili wana kumbukumbu zao: ya Montrose ilijengwa mwaka 1888 upande mmoja wa kanisa, na ya Argyll mwaka 1895 upande wa pili. Sanamu zao zimelala kwa utulivu, kila mmoja na marumaru yake, na paa moja limewafunika wote.

Kila mmoja wao alikuwa na haki katika madai yake. Mmoja aliapa kwamba nchi haitawaliwi kwa amri ya mtu mmoja asiyeuliza. Mwingine aliapa kwamba nchi bila mfalme itageuka kuwa mawindo ya wenye nguvu. Lakini haki hizo zilipewa upanga, na upanga ukapewa watu wenye visasi vya zamani, na hapo haki zote mbili zikalowa damu ya watu ambao hawakuliandika Agano wala hawakumshauri mfalme. Ndovu wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

Nyasi nazo zina kumbukumbu. Huko Dunoon, mahali walipouawa watu wa Lamont, ukoo wao ulisimamisha nguzo ya mawe mwaka 1906, miaka 260 baada ya siku ile. Wakuu walikuwa wamekwisha kusamehewa na kupewa marumaru. Jamaa za wale waliotundikwa mtini hawakuwa wamesahau.